Fundo la Isale

Walimkuta mume wangu kwenye mashine yangu ya kusaga, Daraja Mbili, asubuhi kweupe, akiwa na gunia la mahindi begani. Naftali alikuwa diwani, lakini wateja wakizidi alinisaidia kubeba kama kibarua yeyote, na watu walipenda kumtania kwamba hiyo ndiyo kazi pekee ya maana aliyowahi kuifanyia kata. Gari lililosimama mlangoni halikuwa na namba. Walishuka wanaume, wengine wamevaa sare na wengine hawana. Wa mbele alimpiga Naftali rungu la shingo, akaanguka kifudifudi, gunia likamwangukia mgongoni.

Mimi ni Nalepo, mzaliwa wa Olasiti, na hasira zangu zinajulikana. Mtu anayeshinda kwenye mashine ya kusaga hajui kunong'ona wala hajui kungoja. Nilichukua debe la kupimia nikampiga mmoja wao usoni mpaka debe likabonyea. Akanigeukia, akanipiga teke la tumbo, nikakaa kwenye pumba nikitafuta pumzi. Nikiwa pale chini niliona buti zikimkanyaga mume wangu kichwani. Damu yake ilichanganyika na unga sakafuni ikawa donge, na mashine ilikuwa bado inanguruma, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuizima. Wateja walijibanza ukutani na ndoo zao. Niliwatukana wote, mmoja mmoja.

Kati ya wale wenye sare nilimfahamu mmoja: Brayson, koplo, mtoto wa mama Tabea wa Nkoaranga. Shamba lao la kahawa limepakana na la wakwe zangu. Amekula utoto wake wote jikoni kwa mama mkwe wangu, na alipooa, Naftali ndiye aliyesimama kanisani kuwa msimamizi wake. Nilimwita kwa jina. Hakugeuka. Alishika miguu ya mume wangu, wakasaidiana kumtupa nyuma ya gari kama mkungu wa ndizi unaopelekwa sokoni. Kikulacho ki nguoni mwako, nilijisemea, na nikaapa kwamba siku moja vidole vya Brayson nitavitia kwenye mashine yangu, navyo vikiwa bado viko mkononi mwake.

Kosa la Naftali lilikuwa kusimama juu ya meza ya muuza nyanya. Matokeo ya uchaguzi ya kata yetu yalitangazwa wakati masanduku mengine hayajafunguliwa hata kifuniko, basi yeye akapanda juu ya meza sokoni akasema, "Kura zetu zihesabiwe mbele yetu, la sivyo wasituite tena kupanga foleni." Ni hayo tu. Watu wakamfuata barabarani, wakiimba, na hawakuwa na hata fimbo mpaka risasi zilipoanza. Walikufa vijana wawili wa kata yetu, mmoja wao fundi viatu ambaye hakuwa anaandamana, alikuwa ameinama anashona soli. Kisha ikatangazwa kwamba ofisini kwa Naftali zimepatikana chupa za petroli. Wakamshtaki kwa uhaini. Uhaini hauna dhamana, na mwisho wake ni kamba.

Walitaka jambo moja kwake. Aseme petroli ililetwa na Lesian, mwenyekiti wa vijana, kwa kutumwa na viongozi wa chama chao cha upinzani. Akisema hivyo na kuweka sahihi, angetoka akiwa shahidi wa Jamhuri. Naye Lesian ni mdogo wangu, tumetoka tumbo moja, tumenyonya ziwa moja. Alikuwa amekimbia na hakuna aliyejua aliko, hata mimi sikutaka kujua.

Nilimwona Naftali mara ya kwanza siku walipomleta mahakamani. Jicho moja lilikuwa limefumba kwa uvimbe. Mikono yake ilikuwa imefungwa kwa vipande vya shati lake mwenyewe, na vidole vilivyochomoza vilielekea kila upande, vimevimba na kuwa vyeusi. Alipopita karibu na benchi langu aliinama kidogo.

"Wameniachia dole gumba, mama Diana," akasema. "La kulia. La kusaini."

Hakimu akauliza kesi imefikia wapi. Wakamjibu upelelezi haujakamilika, wakamrudisha gerezani.

Sasa niseme ukweli, maana sina tabia ya kujipaka asali. Nilitaka asaini. Nilimpenda Lesian, nilimbeba mgongoni akiwa mchanga, lakini Lesian alikuwa na miguu miwili mizima na nchi nzima ya kukimbilia. Mume wangu alikuwa anakufa kidogo kidogo mahali ninapopajua. Nikilisha mashine mahindi nilijikuta nasema kwa sauti, "Saini tu, baba Diana, saini uje nyumbani," na wateja wakidhani naimba.

Mkuu wa upelelezi alikuwa bwana mmoja mwenye sauti ya upole na miwani ya dhahabu. Mimi nilimwita Bwana Miwani. Alipoona rungu limeshindwa akabadili njia. Alipanda Nkoaranga kwa baba mkubwa wa Naftali, Mzee Elieshi, mkuu wa ukoo wao, akiwa na mfuko wa sukari na blanketi jipya kama mkwe anayejua adabu. Alikunywa chai yake yote, akasifu kahawa, kisha akamweleza mzee kwa upole kwamba wanawe wawili wanaweza kuunganishwa kwenye kesi ile wakati wowote. Akamwomba dawa. Watu wa Meru wana dawa ya mtu mkaidi, na kila anayeishi huku ameisikia: ni isale.

Isale ni mmea wa majani marefu unaopandwa kwenye mipaka ya mashamba na juu ya makaburi. Jani lake likifungwa fundo na kuletwa mbele yako, unaombwa kusamehe na kuacha ugomvi, na hulikatai. Anayelikataa hufuatwa na laana mpaka kwa wajukuu. Kwetu Waarusha mtu akikujia na nyasi mkononi unashusha fimbo, kwa hiyo sikuhitaji kufundishwa sana.

Mzee Elieshi alishuka mjini kuniona. Nilizima mashine.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu." Hakukaa. "Nimetumwa nimpelekee Naftali isale. Aache ugomvi na serikali, aseme wanachotaka, atoke. Mikono yake haiwezi kupokea. Utampokelea wewe."

"Nani kamkosea nani, baba? Aliyevunjwa vidole ndiye wa kuombwa aache ugomvi?"

"Usinipandishie sauti, Nalepo. Nina watoto."

"Na Naftali ni nani kwako? Si mtoto?"

Mzee aliangalia kiatu chake. Ni mtu mzima, mzee wa kanisa. Nilimdharau. Lakini niliposema nitakuja, sikuwa namsaidia yeye. Nilikwenda kupokea jani lile ili mume wangu arudi, na mdogo wangu nilimwachia Mungu. Ndivyo nilivyokuwa siku ile, na aliyewahi kumwona mtu wake katika hali ile anaweza kunihukumu akipenda.

Kwenye geti la gereza tulikuta foleni ya ndugu wa mahabusu, wanawake wengi, wameshika vyombo vya chakula. Bwana Miwani alitupitisha mbele yao. Alikuwa amekuja na Brayson ili asikilize iwapo mzee atasema jambo kwa Kimeru. Nilipomwona Brayson damu ilinipanda. Nilimtemea mate kwenye kifua cha sare yake. Akayaacha pale pale, hakuyafuta.

Askari wa getini alitupekua. Alipofika kwenye jani la Mzee Elieshi alilinusa, akaligeuza, akalitilia shaka lile fundo. Labda kuna karatasi ndani. Mzee akanyanyua mkono kumzuia, lakini kijana alikwisha kulifungua. Jani likabaki limenyooka, lina mkunjo katikati, halina kitu.

"Haya, lifunge twende," Bwana Miwani akasema.

Mzee Elieshi alikuwa ameshatia mikono yake mifukoni mwa koti. "Siwezi. Vidole vyangu vina baridi yabisi. Nilihangaika nalo tangu alfajiri."

"Basi tuingie nalo hivyo hivyo."

"Bila fundo ni jani la kulisha mbuzi. Hatalipokea mtu."

Nikanyoosha mkono nilifunge mimi. Mzee alinitazama kwa jicho moja kali nikaurudisha. Bwana Miwani aliangalia saa yake, akageuka. "Brayson, wewe si Mmeru? Lifunge."

"Afande," Brayson akasema, "hili jani mimi sina..."

"Nimesema funga!"

Brayson akalichukua. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, ingawa asubuhi ile Mlima Meru ulikuwa umejifunika mawingu na kulikuwa na baridi. Alifunga fundo taratibu kwa vidole vyake vinene, akalivuta likakaza. Nilimsikia Mzee Elieshi akishusha pumzi.

Tuliingizwa ofisini kwa mkuu wa gereza, ambaye alikaa kwenye kiti chake kwa uso wa mtu asiyetaka wageni hawa. Dirisha lilikuwa wazi, na nje yake ndipo foleni ya wanawake ilipopita. Naftali aliletwa na askari wawili. Alikuwa amekonda mpaka mabega yamekuwa kama kiango cha nguo. Bwana Miwani akaweka karatasi mezani, na kando yake kidau cha wino.

"Mzee, endelea na mila zako," akasema.

Mzee Elieshi alisimama. Hakusema Kimeru, alisema Kiswahili safi, polepole, kila mtu asikie.

"Isale hili si langu. Asubuhi nilifunga mimi, nikiombea ukoo wangu. Askari wa getini akalifungua. Lililopo sasa limefungwa na Brayson, na kwetu aliyefunga fundo ndiye anayeomba. Wala haombi hivi hivi. Anataja kosa lake kwanza, kwa mdomo wake, ndipo jani linapokelewa."

Bwana Miwani akacheka. "Mzee, tusipotezeane muda."

"Sipotezi muda wa mtu. Brayson, jani liko mkononi mwako. Unajua kinachoikuta nyumba ya anayelishika akasema uongo. Unajua au hujui?"

"Najua, baba," Brayson akasema.

Naam, alijua. Mkewe alikuwa mjamzito, tumbo liko puani. Angeweza kulitupa lile jani. Angeweza kulifunga vibaya kule getini likafunguka lenyewe. Nimeliwaza jambo hilo mara nyingi tangu siku ile, na jibu langu ni kwamba alikuwa amechoka kubeba alichokibeba, akaletewa mahali pa kukitua. Alipiga magoti mbele ya mume wangu, akaliinua jani kwa mikono miwili.

"Kaka Naftali, nimekukosea," akasema. "Petroli niliinunua mimi. Nilitumwa niiweke ofisini kwako, nikaiweka chini ya meza, na kesho yake nikawa mmoja wa walioikuta. Lesian hahusiki. Na mikono yako niliivunja mimi. Walikuwa wameibana kwenye mlango wa chuma, wakanipa nondo. Wakasema wewe ni wa kwao, piga wewe. Nilipiga kidole kimoja kimoja. Uliniita jina langu la utotoni, na mimi nikaendelea kupiga. Nakuomba unisamehe."

Bwana Miwani alikuwa bado anatabasamu, tabasamu limesahaulika usoni. Kisha akachomoa bastola, akaigeuza, akampiga Brayson mdomoni kwa kitako chake. Meno yalimwagika sakafuni. Akapiga tena, kwenye jicho. Brayson hakuliachia jani. Alikuwa anarudia rudia kwa mdomo uliojaa damu, "Niliiweka mimi, niliiweka mimi," na Bwana Miwani akawa anapiga kila neno linapotoka. Mkuu wa gereza alikuwa amesimama, amekunja ngumi mezani, na hakufanya kitu.

Aliyefanya kitu ni mume wangu. Alijitupa juu ya Brayson akakifunika kichwa chake kwa mikono yake miwili, ile mikono, na pigo lililokuwa linashuka likatua juu yake. Nimeishi na Naftali miaka yote hii, nimemwona akimzika baba yake, sijawahi kumsikia akitoa sauti ile. Sitaki kuisikia tena.

"Mama Diana," akasema akiwa pale chini, anahema. "Pokea."

Nilikuwa nimekuja kupokea jani la kumtoa mume wangu. Hili halikumtoa. Hili lilikuwa la kumsamehe Brayson, basi. Nililitazama limelowa damu, nikakumbuka kiapo changu cha mashine, na kila mshipa wa mwili wangu ulikataa. Lakini kama nisingelipokea, maneno yale yangebaki hewani, kesho Bwana Miwani angemtafuta mzee mwingine na jani jingine. Isale halipokelewi mara mbili kwa kosa moja. Nikapiga magoti kwenye damu na meno, nikalipokea kwa mikono miwili.

Kisha nikasimama dirishani, nikatoa sauti yangu ya mashineni.

"Nimepokea! Mimi Nalepo, mke wa diwani Naftali, nimepokea isale la koplo Brayson! Amekiri petroli aliiweka yeye! Amekiri mikono ya mume wangu aliivunja yeye! Mkuu wa gereza amesikia! Mzee Elieshi amesikia!"

Foleni ya wanawake ikageukia dirishani. Halafu mmoja akaanza kupiga yowe, wa pili akadakia, na vyombo vya chakula vikaanza kugongwa kwenye uzio. Mchana huo habari ilikuwa imefika Daraja Mbili, na jioni ilikuwa imeshapanda Nkoaranga.

Bwana Miwani alijaribu kuokoa alichoweza. Alimshika Naftali mkono wa kulia, akalikandamiza dole gumba kwenye wino, akalivuta kuelekea kwenye karatasi. Naftali akalikunja ndani ya kiganja. Hakuwa na nguvu nyingine yoyote, lakini hiyo alikuwa nayo. Walivutana hivyo, mzima na mgonjwa, mpaka uso wa yule bwana wa upole ukavimba kwa hasira, akalishika dole lile akalipinda kwa nyuma mpaka likalia kama kuni kavu.

Chumba kizima kilikitazama kile kidole. Hata yeye alikitazama. Sasa hapakuwa na cha kusaini.

"Afande," mkuu wa gereza akasema hatimaye, "toka ofisini kwangu."

Nilimpiga Bwana Miwani kofi alipopita, na kwa hilo nililazwa mahabusu ya kituo nikapigwa mpaka sikio langu la kushoto likaziba. Silijutii. Tulipokutana baadaye nilimuuliza Mzee Elieshi kama alipanga jambo lile tangu mwanzo au lilimjia pale getini. Akanionyesha vidole vyake, vimenyooka kabisa.

"Baridi yabisi huja na kuondoka, mwanangu," akasema.

Wasomaji wanaopenda mwisho mwema waishie hapo. Naftali hakutoka. Kila akipelekwa mahakamani upelelezi haujakamilika. Lesian bado yuko mbali, na jina lake halijatajwa kwenye karatasi yoyote. Naye Brayson alivuliwa sare, akashtakiwa kwa makosa ambayo hata wakili hayaelewi, akatupwa katika gereza lile lile. Askari akiingizwa kati ya mahabusu huwa hakuchi salama. Siku ya kwanza walimpiga mpaka akapoteza fahamu, na wangemmaliza kama Naftali asingekwenda kulala kando yake, akasema, "Huyu nimemsamehe. Anayemgusa ananigusa."

Jumapili ni siku ya kuona ndugu. Napika loshoro yetu ya mahindi na maziwa mgando, ambayo Naftali anaipenda kuliko hata ndizi za kwao, naifunga kwenye hotpoti. Mama Tabea hushuka kutoka Nkoaranga, tunapanga foleni pamoja, wala hatuongei sana. Mara ya kwanza alitaka kunipigia magoti pale barabarani, nikamwambia kwa ukali ainuke, watu wanatutazama. Mjukuu wake amezaliwa, ni wa kike, ana afya. Nilikwenda kumwona mtoto nikiwa na kanga na sabuni, kama mila inavyotaka, nikatoka haraka.

Watu wananiuliza kama nimesamehe. Nilipokea jani kwa mikono miwili, na la mikono nimelitimiza. Moyo ni kazi nyingine, na bado naifanya.

Jumapili iliyopita walituruhusu kukaa nao uwanjani, waya ukiwa katikati yetu. Mikono ya Naftali imeunga vibaya, haikunjiki, haishiki kitu. Brayson alifungua hotpoti. Aliikoroga loshoro, akaichota, akaipuliza, akaionja kwa ncha ya mdomo wake usio na meno ya mbele kuhakikisha haimuunguzi mtu. Kisha akapeleka kijiko mdomoni kwa mume wangu, na mkono mwingine ameuweka chini ya kidevu isidondoke. Vile vile vidole vinene. Nilivitazama bila kupepesa.

Naftali alikula mpaka akashiba, akatikisa kichwa. Ndipo Brayson akakombeleza kilichobaki, kwa kijiko kile kile, akinipa mgongo kidogo kwa aibu.

"Shemeji," akasema, "asante kwa chakula."

Sikumjibu. Lakini nilikuwa nimepika cha watu wawili, na nadhani alikuwa ameshaliona hilo.